Tangazo Lisilo na Jina

Kwa miaka ishirini na miwili Mama Buriani alisoma matangazo ya vifo redioni, kila siku saa saba mchana, baada ya taarifa ya habari na kabla ya muziki. Jina hilo alipachikwa na wasikilizaji, likamganda hadi nyumbani kwake. Akienda hospitali kumjulia hali mgonjwa, wagonjwa wa vitanda vya jirani walivuta shuka mpaka kidevuni. Akimpigia simu shangazi yake kumsalimu tu, shangazi alianza kwa kuuliza, nani tena? Wala hakuudhika. Alisema kila mtu ana kazi yake, na yake ilikuwa kuwasindikiza watu mpaka mlangoni kwa sauti nzuri.

Ila kilichomweka katika kazi ile si sauti, ni udadisi. Mwanamke yule hakuweza kuona mlango umerudishwa nusu asichungulie. Waliofiwa walikuja na karatasi zao, naye aliwaketisha, akawapa pole ya kweli, kisha akaanza kuwachimba. Majibu aliyaweka kwenye daftari. Wengine waliandika mzee amelala, wengine, ametangulia, wengine, amerudi nyumbani, utadhani alikuwa amekwenda sokoni. Kulikuwa na familia iliyotaka mambo yote yaishe kabla ya jua kuzama, na nyingine iliyongoja wiki tatu mpaka mjukuu wa mwisho afike, na haikuona haraka ya nini. Wako waliofunika vioo vyote vya nyumba. Wako waliokaa kumzunguka maiti wakimsimulia vituko vyake mwenyewe na kucheka mpaka mbavu zikawauma. Bibi mmoja alimwambia kwao hawalii hata kidogo siku ya kwanza, kwa sababu anayeondoka hapaswi kupigiwa kelele akiwa anavaa viatu. Hilo Mama Buriani alilipigia mstari mara mbili.

Kwao yeye, aliyekufa hutajwa. Hutajwa asubuhi, hutajwa jioni, hutajwa kwa sababu na bila sababu, asije akadhani amesahauliwa. Mumewe alikuwa ametimiza miaka minne kaburini, na hadi leo akimimina chai alimwita kwa jina na kumwuliza kama ni yeye aliyeficha kifuniko cha birika.

Basi Jumanne moja, saa tatu asubuhi, akaingia mwanamke wa miaka thelathini na kitu, amevaa aproni ya kazi, vidole vyake vina mafuta ya mashine. Alikuwa fundi wa vyerehani, kazi aliyofundishwa na baba yake. Baba huyo alikuwa amefariki jana alfajiri, na mazishi yalikuwa kesho saa nne. Mama Buriani akampa pole, akavuta fomu, akauliza jina la marehemu.

"Hatulitaji," alisema yule binti.

Mama Buriani alidhani ni uchungu, akangoja. Haukuwa uchungu. Binti akaeleza kwa upole, kama mtu aliyezoea kueleza. Kwa watu wao, aliyekufa halitajwi jina lake mpaka mwaka uishe. Hulitaja mtu mmoja tu, mara moja tu: aliyezaliwa naye tumbo moja. Huyo humwinamia kaburini, akamtamkia jina lake, ili aende nalo. Kulitaja nje ya hapo ni kumwita mtu aliye safarini.

"Mtu akiitwa lazima ageuke," alisema. "Na baba amechoka, mama. Hatutaki ageuke."

 Mama Buriani akamkumbuka mumewe na kifuniko cha birika. Asubuhi zote zile, je, alikuwa akimgeuza? Akalifukuza wazo hilo, akauliza huyo wa tumbo moja yuko wapi. Hapo ndipo ilipokuwa shida. Alikuwepo dada mkubwa wa marehemu, mmoja tu, aliyegombana na wazazi wao akaondoka nyumbani kabla binti hajazaliwa. Hakuna aliyejua anaishi wapi, anatumia jina la nani, wala kama yu hai. Redio ndiyo ilikuwa njia pekee iliyobaki.

"Asipopatikana?"

"Tutamzika. Ila ataenda bila jina lake."

Alilisema hilo kwa sauti ya kawaida kabisa, kisha machozi yakamjaa, akayafuta kwa mgongo wa mkono kwa sababu ya mafuta.

Bosi wa kituo aliitwa. Kituo kilikuwa na kanuni mbili: kibali cha mazishi kionekane, na jina lisomwe. Ile ya kwanza ilitokana na mlevi mmoja aliyewahi kutangaza kifo cha mkwewe, na mkwe akafika kituoni kwa miguu yake kabla muziki haujaisha. Binti akatoa kibali kwenye bahasha. Kuandikwa hakukuwa na neno, alisema, mradi lisitoke mdomoni. Hata hivyo alikishika kwa namna ambayo kidole gumba kilifunika mstari wa jina. Mama Buriani akanyoosha shingo mpaka mifupa ikalia, asione ila kucha yenye mafuta. Kidole kilipoinuliwa, kiliinuliwa upande wa Bosi tu. Bosi akasoma, na midomo yake ikaanza kujipanga kulitamka, kwa mazoea tu, hakuwa na nia mbaya. Mama Buriani akamkanyaga mguu chini ya meza.

"Tangazo lisilo na jina ni bahasha isiyo na anwani," alisema Bosi, akipapasa kiatu chake. "Atajuaje kwamba ni yeye?"

Mama Buriani alisema marehemu atatambulishwa kwa tabia zake. Bosi akacheka. Mwishowe, kwa kuwa hakuwa mtu wa roho mbaya, alitoa sharti: wamwandikie mtu asiyefanana na mwingine yeyote duniani, na litasomwa. Wakimwandikia mzee mpole mpenda watu, asilione.

Wakaketi kwenye benchi la mapokezi, Mama Buriani na kalamu yake, binti na bahasha yake. Alikuwa mtu wa namna gani? Binti akafikiri, akasema alikuwa mpole, mcheshi, mpenda watu. Mama Buriani akaiweka kalamu chini.

"Mwanangu, wote niliowasoma humu walikuwa wapole. Sijui wakorofi wanafia wapi. Nipe kitu alichokuwa anakuudhi nacho."

Hapo kizibo kikafunguka. Baba yake alimenya chungwa kwa ganda moja refu lisilokatika, na likikatika hulila kwa hasira. Alilala dirisha wazi hata mvua ikinyesha, wakaamka shuka zimelowa. Aliogopa kuku. Mtu mzima na ndevu zake, akimwona kuku njiani anazunguka mtaa mzima, na hakuna aliyewahi kujua sababu. Na ule mluzi wake! Kutwa nzima akiwa kwenye mashine alipiga mluzi uleule, sauti nne, ya mwisho imening'inia hewani, kisha ananyamaza, anainamisha kichwa upande mmoja, halafu anaendelea na kazi. Ulimtia binti wazimu. Siku moja alimwuliza mbona haumalizii, akajibu kwamba iliyobaki si yake.

Mama Buriani akasimamisha masikio. Akamwomba aupige. Binti akalamba midomo, akapiga, na mfagiaji aliyekuwa ukumbini akasimama na ufagio wake mkononi. Sauti nne, kisha kimya. Mama Buriani akangoja ya tano, wala haikuja, ikawa inamuwasha mwilini.

Saa saba alisoma vifo vingine vitatu kama kawaida, kwa majina na umri na orodha ya watoto. Kisha akaikunjua karatasi ya nne.

"Kuna dada mmoja, mahali fulani, ambaye mdogo wake amefariki. Jina lake hatulitaji, na dada anajua kwa nini. Alikuwa fundi wa vyerehani. Alimenya chungwa bila kukata ganda. Aliogopa kuku, na hakuwahi kusema sababu. Atazikwa kesho saa nne asubuhi, na anamngoja dada yake. Akiwa kazini alipiga mluzi huu."

Akatoa namba ya simu ya kituo, akasogea pembeni. Binti akainamia maikrofoni, na mara ya kwanza ikatoka pumzi tupu. Mara ya pili ukatoka mluzi wenyewe, mwembamba, haujiamini. Baada yake Mama Buriani hakusema neno. Kimya redioni ni kosa kubwa. Nyuma ya kioo Bosi alikuwa ameinua mikono yote miwili. Mama Buriani akakiacha kimya kile kikae kwa pumzi tano nzima, ndipo akaruhusu muziki.

Simu ya kwanza ilikuwa ya mwanamume aliyesema mtu aliyeelezwa ni yeye, machungwa, kuku na yote, na kwamba mkewe sasa anamwangalia vibaya. Ya pili ilikuwa ya mama aliyetaka kujua kama cherehani chake kilichokuwa kwa marehemu kimekwisha kutengenezwa. Ya tatu ilikuwa ya mwanamke aliyelia kwa kwikwi, kwamba huyo ni kaka yake, lazima ni kaka yake. Kumbe kaka yake alifuga kuku. Mama Buriani alikaa naye kwenye simu muda mrefu, kwa sababu kaka alikuwa amepotea kweli, hata kama hakuwa huyu. Saa tisa ikapita, saa kumi ikapita. Binti alikaa benchini roho juu, akikunja na kukunjua bahasha. Bosi alimletea chai mwenyewe, jambo ambalo wafanyakazi walilizungumza wiki nzima.

Saa kumi na nusu simu ikalia tena. Mama Buriani akataja jina la kituo. Hakuna aliyejibu, ila mtu alikuwa anapumua. Alikuwa karibu kuikata aliposikia mluzi. Ulikuwa mluzi wa mtu mzee, unapasuka katikati, sauti tatu zinazoshuka polepole mpaka chini zikatulia. Ile iliyomuwasha tangu asubuhi ikaisha palepale, kama mwiba uliotolewa.

Binti alikuwa ameshasimama. Akashika mkono wa simu kwa mikono miwili, akapiga nusu yake, na nusu nyingine ikajibu.

"Nilimfungia kwenye banda la kuku," sauti ikasema, na binti akaisogeza simu ili Mama Buriani naye asikie. "Alikuwa na miaka minne, mimi nane. Nilikwenda kucheza nikamsahau. Tangu siku hiyo kila akinitafuta alipiga ule mluzi, na mimi namjibu kwamba nakuja. Mwambie nakuja."

Katika miaka yote ile Mama Buriani hakuwahi kwenda kwenye mazishi aliyoyatangaza mwenyewe, kwani angeyaanza, asingemaliza. Haya alikwenda. Bosi naye alikwenda, ameshikilia lile jina tumboni tangu jana kama mtu aliyekula kupita kiasi, na wakiwa njiani alimwuliza chini chini kama anataka amwambie. Mama Buriani alitaka. Mungu anajua alivyotaka. Alimwambia athubutu aone.

Shangazi wa binti, yule dada wa marehemu, alifika saa nne kasorobo, mwanamke mdogo wa umbo, ana mkoba mmoja na miguu isiyo na nguvu. Binti alimkumbatia. Walipofika kaburini watu wote wakarudi nyuma hatua kumi, kama inavyotakiwa kwao. Lakini shangazi hakuweza kuinama peke yake, na binti, kwa kuwa ni mtoto wa marehemu, hakuruhusiwa kuwa karibu. Alihitajika mgeni. Wakatazamana, wakamtazama Mama Buriani.

Kwa hiyo yeye ndiye aliyemshika mkono na kumsaidia kupiga magoti kwenye udongo uliochimbuliwa, sikio lake likiwa shibiri moja kutoka kwenye midomo ya bibi yule. Sikio hilo lilikuwa limesikia minong'ono kupitia milango miwili. Shangazi akapiga kwanza zile sauti tatu zinazoshuka, za kumwambia nakuja. Kisha akavuta pumzi.

Mama Buriani aliisikia pumzi ile ikiingia. Alijua kinachofuata. Hakuna kitu alichowahi kukitaka namna ile, na palepale akaona wazi kwamba hakikuwa chake, kwamba marehemu amengoja miaka yote jibu la dada yake peke yake, na sikio la pili lingemzuia njiani. Machozi yakamtoka. Akageuza uso upande wa pili, akaanza kukohoa, akakohoa kwa nguvu kama mgonjwa wa mapafu, mpaka alipohisi mkono wa shangazi ukimvuta ainuke.