Bipu ya Pili

Binti wa kaka yangu amesomea utangazaji, na kwa kuwa kazi bado hajapata, ananihoji mimi. Alisimamisha simu yake mbele ya cherehani yangu, akaiegemeza kwenye boksi la nyuzi, akakaa mkao wa runinga.

"Shangazi, katika miaka hii kumi, ni nini kimebadilika katika jamii yetu?"

"Suruali," nikamwambia.

"Suruali?"

"Suruali. Miaka kumi iliyopita mwanamume alivaa suruali pana, akipita inapepea. Halafu wakaniletea zote nizibane, nikabana mpaka mtu akiangusha funguo anaomba mpita njia amwokotee. Sasa wanazirudisha, eti Fundi, panua. Nipanue na nini? Kitambaa si walinikatisha wenyewe?"

Akasema hapana, anataka mambo mazito: heshima, ndoa, mawasiliano. Haya, nikampa mazito. Zamani mgeni alibisha hodi. Siku hizi anasimama mlangoni kwako anakupigia simu kukwambia yuko mlangoni. Zamani bibi harusi alileta kitambaa akasema nishonee nipendeze. Siku hizi anakuja na picha ya mwanamke mwingine kabisa, kiuno chembamba, anataka gauni likimkaa awe yule. Mimi nashona nguo, sishoni watu. Na kaka yangu, baba yake huyu huyu mtangazaji, ambaye akipita hapa hata salamu inamtoka kwa shida, ndiye kila asubuhi analitumia kundi la ukoo picha ya maua na maneno ya upendo.

Binti akacheka mpaka simu ikaanguka. Akaisimamisha upya.

"Na kubipu je? Nasikia zamani mlikuwa mnabipu."

Nikamweleza. Unampigia mtu, simu yake inalia mara moja, unakata kabla hajapokea. Ujumbe umefika na vocha yako iko pale pale. Kila watu na mapatano yao: bipu moja nimefika, bipu mbili nipigie. Mtu akipokea bipu yako akakulia salio, huyo hakulelewa.

"Eeh, hata Fundi Saa kanieleza jana nilipomhoji," akasema. "Anasema zamani mwanamke akikukataa alikubipu mara mbili. Eti yeye alikataliwa hivyo, ndiyo maana hajaoa mpaka leo. Shangazi, nilicheka nikalia."

Mimi sikucheka. Mguu wangu uliganda kwenye pedali, sindano ikabaki imezama kwenye kola ya mteja.

Fundi Saa yuko ng'ambo ya barabara, mlango wake unatazama wangu. Kwenye kibao chake neno SAA limepigwa mstari likaandikwa SIMU, kwa sababu siku hizi mtu akitaka kujua saa anaangalia simu. Sisi bado tunamwita Fundi Saa. Na jana hiyo hiyo alikuwa ameanza kufunga vitu vyake kwenye maboksi, maana anahamia mji mwingine kwa ndugu yake. Gari la mizigo linakuja kesho asubuhi. Nilikuwa nimeliona lile boksi la kwanza likitolewa, nikajifanya natafuta mkasi.

"Shangazi, mbona umenyamaza? Bado narekodi."

"Zima hiyo simu."

Akazima. Nikamweleza jambo ambalo sijawahi kumweleza mtu, kwa sababu ni la aibu, na lilikuwa halimhusu mtu.

Miaka kumi iliyopita Fundi Saa alivuka barabara akaniletea suruali nimkunjie pindo. Pana, ya kahawia. Aliiweka mezani, akabaki amesimama, anaisifia cherehani yangu kama ndiyo kwanza anaiona. Mwishowe akasema, "Fundi, nina jambo, lakini nikikuuliza uso kwa uso nitaanguka hapa. Jioni nibipu. Bipu moja, umekubali nikuoe. Bipu mbili, umekataa, na sitakusumbua tena." Akatoka mbio, akasahau hata kuuliza suruali itakuwa tayari lini.

Jioni nikambipu. Moja. Na moja ilikuwa moja.

Halafu na yeye akanibipu.

"Sasa hiyo ilikuwa ni nini?" nikamuuliza binti. "Kwenye mapatano haikuwamo. Ni ahsante? Ni nimepata? Au ni Fundi, yako haikusikika, rudia? Mimi mshono nisiouamini naurudia. Nikarudia."

Binti akajishika kichwa kwa mikono miwili. "Shangazi. Zikawa mbili."

"Mimi nilihesabu moja iliyorudiwa. Asubuhi akafungua duka hata hakunitazama. Nikajua kabadili mawazo, kaona nimejibu haraka mno, nimejirahisisha. Nikanuna. Naye akanuna. Mpaka leo tukikutana yeye ananiambia 'Fundi', mimi namwambia 'Fundi', basi, kila mtu anakwenda zake."

"Miaka kumi?"

"Usinikumbushe."

"Na suruali?"

Nikamwonyesha kwa kidevu. Ilikuwa rafu ya juu, imekunjwa, pindo limekamilika tangu siku ile. Kila mwaka naishusha naikung'uta vumbi, nasema mwenyewe atakuja kuichukua.

Binti akanisukumia simu yangu mkononi. "Mpigie. Mweleze sasa hivi, kesho hayupo."

Nikalifungua jina lake. Nikaliangalia. Namba ile ile, hajabadilisha. Roho ikaanza kunidunda, na mimi roho ikinidunda nakuwa mkali. Nikasema simpigii mtu, nimpigie niseme nini, nimekuwa msichana? Simu nikaichomeka chini ya paja, nikaikalia, nikavuta kola ya watu niendelee na kazi.

"Shangazi, utakuja kujuta."

"Nijute mara ngapi? Nimeshajuta ya kutosha!" Hapo sauti ikanipanda. "Nilimpenda yule mtu na saa zake zote zisizokubaliana. Bipu yangu ilikuwa moja, nilikuwa nimekubali. Ile ya pili nilikuwa namuuliza tu kama ya kwanza imefika. Na kama angekuwa na akili hata ya kujaza kijiko angevuka barabara akauliza, asingekaa pale kuninunia kama mke mwenza."

Binti alikuwa anatazama ng'ambo, mdomo wazi. Nikageuka.

Fundi Saa alikuwa amesimama katikati ya maboksi yake, simu sikioni, hapepesi macho.

Simu yangu ya zamani ilikuwa na vibonye. Ukiikalia imekaliwa, imenyamaza, inajua adabu. Hizi za kioo hata ukizigusa kwa paja zinaona zimetumwa, zinapiga. Na yeye, kwa mara ya kwanza maishani mwake, alikuwa amepokea.

Sauti ikatoka chini yangu, ndogo, imebanwa na kitambaa. "Fundi? Kwa hiyo ilikuwa ndiyo?"

Binti akaziba mdomo kwa kola ya mteja. Mimi uso ulinichoma mpaka masikioni. Nikaitoa ile simu nikaishika kwa mikono miwili. Mengi yalinijia, mengine matamu kabisa, lakini mdomo wangu naujua.

"Kata hiyo simu," nikamwambia. "Vuka barabara."

Akavuka. Hakutazama kulia wala kushoto, mwenye baiskeli akamtukana, hata hakusikia. Alipofika mlangoni akabisha hodi, na mlango uko wazi.

Nikaishusha suruali, nikamsukumia. Akaikunjua, akaitazama upana wake.

"Zimerudi hizi," akasema.

"Zimerudi."

Akaingia nyuma ya pazia. Tukasikia anahangaika, anavuta pumzi, anavuta tena. Akatoka suruali imemkaa vizuri miguuni na pindo liko sawasawa, ila kiuno kimekataa katakata, kishikizo na tundu lake haviwezi hata kusalimiana. Miaka kumi ilikuwa imemkalia yote tumboni. Akasimama ameishikilia kwa mkono, anatazama chini.

"Hii inafaa kuongezwa, Fundi?"

"Inafaa."

"Na itakuwa tayari lini?"

Kila mtu mtaani anajua jibu langu. Mimi huwaambia njoo kesho, na kesho nawaambia njoo kesho, hata aliye na harusi mchana huo. Binti naye alijua, nikamwona ameshika pumzi.

"Leo," nikasema. "Keti hapo."