Mwano Getini

Mbwa wa kampuni ya ulinzi aliiachia kanga ya Milembe na kumng'ata mkono. Milembe alikuwa ameingia ndani ya uzio kuokota magwangala, mawe yenye masalia ya dhahabu ambayo mgodi umekwisha kuyatupa. Hapo akapiga mwano.

Kwa Wasukuma, anayesikia yowe hilo huacha jembe na kukimbia kuokoa. Asiyekwenda hutengwa: haombi moto kwa jirani, na msiba wake hauna watu.

Limbu aliusikia kabla ya wote. Alikuwa getini, amevaa sare, funguo kiunoni. Tangu mgodi uchukue shamba lao la pamba, sare hiyo ndiyo iliyomlisha mama yake.

"Ukifungua," alisema Athanasi, mkuu wa zamu, "sare unaivua hapo hapo."

Punde wanakijiji wakajaa nje ya uzio. Mjomba wa Limbu, Zengo, alitangulia na rungu, akihema.

"Limbu, mwano umeusikia?"

Limbu aliitazama njia ya kurudi nyumbani. Akamtazama Athanasi.

"Sikusikia, mjomba."

Zengo aliteremsha rungu. "Haya. Hukusikia."

Milembe alitolewa baadaye kwa gari la polisi, mkono umefungwa kitenge, akashtakiwa kwa kuvamia mgodi.

Kijiji hakikumtenga Limbu. Kililiamini neno lake. Kornelia, muuza vitumbua, alimsalimu kwa kupunga mikono yote miwili.

"Paza sauti, dada," vijana walimtania. "Kaka huyu hasikii!"

Nyumbani, mama yake alimgusa bega ili ajue ugali umeiva.

"Mama, mimi nasikia."

Mama alimwonyesha mlenda kwa kidole, akaendelea kula.

Wiki iliyofuata, jua likiwa kali, mwano ulipanda tena kutoka kwenye kifusi. Sauti ilikuwa ya msichana. Lori lilikuwa limetoka kupita, geti bado li wazi.

"Limbu, funga!"

Limbu hakugeuka.

"Nasema funga geti!" Athanasi alikuwa anakuja mbio, redio ikimkoromea mkononi. "Limbu! Unataka kazi au hutaki?"

Upande wa kijijini vumbi lilikuwa limeinuka, na ndani yake watu. Limbu alisimama kando ya nguzo, mikono nyuma, akilitazama vumbi likikua.

Athanasi akamfikia, akamwita tena, mdomo karibu na sikio lake.