Siku ya Mizani Mahakamani

Saa tatu asubuhi Wakili Ngosa Kapambwe alipanda juu ya kiti, akateremsha feni mbovu ya mahakama, na kwenye ndoano yake akatundika mizani ya watoto wachanga. Kabla ya kusomea sheria alikuwa mhudumu wa afya, miaka minane akipima watoto mitaani, na kesi zake aliziendesha vivyo hivyo: kupima kwanza, maneno baadaye.

Akina mama saba wa mtaa wa Mulundu walipanga foleni, kadi za kliniki zilizojazwa hadi mwezi uliopita mkononi, vitenge vitupu mgongoni. Watoto wao walikufa mwaka juzi kwa maji ya visima vilivyopakana na mtaro wa kiwanda cha shaba. Walitaka kitu kimoja tu, mtaro uzibwe. Aliyekuwa na haraka kuliko wote ni Bana Kunda, mama yake marehemu Kunda. Mimba yake ilikuwa ya miezi minane, na kisima chake ni kilekile.

"Haya, wa kwanza," Ngosa alisema. "Mvue kofia, dada, isije ikatudanganya."

Bana Kunda alifungua kitenge, akavua hewani kofia isiyokuwepo, akaitumbukiza hewa ile kwenye kaptura ya kupimia. Kaptura ikajaa, ikabembea. Mshale ukashuka.

"Kilo kumi na mbili," karani alisoma.

"Jamani, kanenepa!" mama wa pili alisema kwa wivu kidogo. "Anakula nini huyo?"

"Sijui wanawapa nini huko, mwenzangu."

Walipimwa wote. Mmoja alikojoa, tone la kijani likaangukia faili, karani akalifuta kwa kiganja.

Wakili wa kiwanda alisimama. "Napinga, Mheshimiwa. Huyo wa mwisho kapimwa na nepi."

"Arudiwe," alisema Jaji.

Ngosa alimpima upya. Kichwa kidogo kilimlalia kiganjani, baridi.

Jaji alizisoma kadi moja moja hadi saa sita, kisha akatoa uamuzi. Tangu wafe, watoto wote saba wameongezeka uzito kila mwezi, tena wanavyotakiwa kwa umri wao. Madhara hayajathibitishwa. Mtaro ubaki wazi. Akina mama wanastahili pongezi.

"Mheshimiwa, wamekufa!" Ngosa alisema.

"Hilo hakuna aliyelipinga, wakili. Warudi mwezi ujao wapimwe tena."

Karani akapita akiandika tarehe kwenye kadi. Alipomfikia Bana Kunda akalitazama tumbo.

"Siku hiyo utakuwa umeshajifungua?"

"Nitakuwa nimeshajifungua, baba."

"Jina?"

"Bado hatujampa."

Karani akachukua kadi mpya, akaandika namba nane, akaigonga muhuri uleule ulio kwenye kadi za marehemu saba.

"Tutajaza mkija," alisema.

Bana Kunda akapiga makofi madogo ya heshima, akaipokea kwa mikono miwili.