Zamu ya Mlangoni

Mchungaji akisema, "Tufumbe macho tuombe," mimi hukodoa. Kanisa zima linainamisha vichwa, mimi shingo wima, macho kwenye mlango mkubwa. Ndiyo maana nayajua mambo ya kanisa letu ambayo sikupaswa kuyajua. Najua mpiga kinanda humumunya pipi wakati wa toba. Najua mzee mmoja wa kanisa, yule anayesifiwa kwa maombi marefu ya kimyakimya, huwa haombi, anasinzia tu.

Sikuzaliwa hivi. Mimi ni fundi cherehani, na zamani cherehani yangu ilitazama dirishani, mlango ukiwa nyuma yangu, kwa sababu fundi hufuata mwanga. Mchana mmoja nilikuwa nashona pazia la mteja huku naimba wimbo wa kanisani. Nikasikia mlango unalia. Nikasema "Karibu" bila kugeuka, maana nani anageuka katikati ya mshono? Walikuwa wawili. Walinifunika kichwa kwa lile pazia nililokuwa nalishona, wakanibana uso mezani, mmoja akanikandamiza goti mgongoni. Niliwasikia wakifungua droo, wakichomoa pasi, wakicheka. Mdomo ulinijaa kitambaa. Nilijua nakufa, na nilichowaza ni kwamba mwanangu anakaribia kutoka shule na atapita mlango huohuo.

Alipofika walikuwa wameshaondoka. Yeye ndiye aliyenitoa pazia kichwani.

Watu walikuja kunipa pole. "Mshukuru Mungu hawakukujeruhi." Nyoo! Waliambiwa na nani kwamba sikujeruhiwa? Mungu mwenyewe nilimweleza kinagaubaga, nikiwa nimesimama jikoni na mwiko mkononi: "Nilikuwa nakuimbia Wewe, na uliwaona wanaingia. Hata kunikoholea tu ulishindwa?" Kanisani sikuacha kwenda. Ugomvi wetu ulikuwa wa watu wa nyumba moja, mnanuniana lakini mnakula meza moja. Ila cherehani niliigeuza ikatazama mlango, mwanga ukawa mbaya na mishono ikaenda upogo. Nguo ya kupitisha kichwani sikuivaa tena, ni za vifungo mbele tu. Na macho sikuyafumba.

Nilidhani woga huo ni wangu peke yangu.

Binti yangu ana miaka kumi na miwili. Baba yake alitangulia mbele za haki mtoto akiwa hajaota meno, kwa hiyo tumelelewa wawili, mimi na yeye, ndivyo ninavyosema. Tunamwita Kasuku kwa kuwa alianza kusema mapema na hajanyamaza tangu hapo. Au niseme hakuwa amenyamaza hadi siku ya pazia. Baada ya pale maneno yalipungua, nami nikajiambia mtoto anakua.

Jumapili moja, katikati ya maombi, nikatupa jicho pembeni. Kasuku amekunja mikono vizuri, midomo inasema amina panapostahili amina, na macho kodo! Ameyakaza kwenye mlango mdogo wa ubavuni, ule wanaoingilia wanakwaya.

Nikamkanyaga mguu. "Fumba macho, we mtoto!"

"Nikifumba, huu atashika nani?" akanong'ona. "Wewe umeshika mkubwa. Mimi nashika mdogo."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile."

Damu ilinisimama. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na mimi nilikuwa nalea mlinzi. Niliona aibu, nikaona na hasira, na sikujua hasira hiyo nimpelekee nani.

Wakati huo Kasuku alikuwa kwenye darasa la ubatizo. Aliomba mwenyewe kuingia, sikumsukuma. Kanisani kwetu mtu hubatizwa kwa kuzamishwa. Mbele ya madhabahu kuna tangi la saruji lililofunikwa kwa mbao, na siku yenyewe mbao huondolewa, maji yakajazwa hadi kifuani. Mchungaji anakushika shingo na mikono, anakulaza chali, unazama, anakuinua. Wiki ya mwisho walifanya mazoezi bila maji, na baada ya mazoezi mchungaji akaniita.

"Mama Kasuku, mtoto anajua mafundisho kunishinda mimi niliyemfundisha," akasema. "Lakini nikimlaza anakakamaa, anapindua shingo kutafuta mlango. Ndani ya maji atajiumiza, au atakunywa maji apaliwe. Tumwache mpaka mwakani. Hakuna haraka."

"Nipe mpaka Jumapili, Mchungaji."

Akanitazama. "Nitamwingiza majini. Lakini akikakamaa namtoa palepale. Sitamlazimisha mtoto aliyeogopa."

Nyumbani Kasuku hakugusa chakula. Kumbe sikio lilikuwa dirishani muda wote. "Mama, mwakani sitaki. Nampenda Yesu sasa hivi." Machozi yakaanza kumtoka. "Ila kule chini sioni mlango."

"Mimi si nitakuwepo?"

"Wewe una mkubwa. Na mdogo je?"

Niliona wazi kwamba mtoto akitolewa majini mbele za watu, ule mlango ataushika mpaka uzeeni, atawarithisha na wajukuu zangu.

Rafiki yangu mkubwa ni mkunga, mwanamke asiye na simile. Kesho yake alileta sare yake niipunguze kiunoni, nikamwaga yote. Hakunipa hata pole.

"Mtoto hana shida," akasema. "Mwenye shida ni mama yake."

"Asante sana kwa faraja."

"Anakusoma usoni. Siku utakayofumba wewe, naye atafumba. Haya, tuombe."

"Sasa hivi? Mlango uko wazi!"

"Na ubaki wazi. Leo naomba macho wazi, nakushikia mlango wako. Mungu haangalii kope." Akaburuta kigoda, akakaa anatazama nje. "Baba yetu. Fumba."

Nikafumba. Nilifika "Baba", nikafumbua, jasho limenitoka kwapani kama nimekimbizwa. Mkunga akacheka mpaka akashika mbavu. "Basi kesho tutafika 'yetu'." Alikuja kila siku baada ya zamu yake. Siku moja tulifika kwenye mkate, mtu akapita nje na mkokoteni, nikaruka hadi nikaangusha mkasi. Amina sikuifikia hata mara moja.

"Unabana," alikuwa akiniambia. "Leba nzima nawaambia hivyohivyo. Anayebana ndiye anayeumia. Achia."

"Hao wako wanaachia mtoto. Mimi niachie nini?"

"Mlango," akasema, akachukua sare yake akaenda.

Jumamosi nikamaliza gauni la ubatizo. Gauni hilo lina siri yake: kwenye pindo la chini unashonea vyuma vidogo, ili nguo isielee majini ikamwacha mtu mapaja nje. Nilikuwa nimelipasua mbele, na vifungo toka shingoni hadi chini. Kasuku akalishika, akaligeuzageuza.

"Wenzangu za kwao zinavaliwa kichwani."

"Hii ni ya kisasa."

"Mama."

Ah! Nikakaa nikafumua kila kifungo, nikaliziba mbele, nikamwambia simama hapa. Nikapitisha lile gauni jeupe juu ya kichwa chake, uso ukapotea ndani ya kitambaa, na moyo ukanipiga paa! Nikataka kulivuta lote nilitupe. Kichwa kikachomoza, nywele timutimu. "Linabana kwapa," akasema. Nilikaa chini kwanza ndipo nikaliachia kwapa.

Bado lilikuwepo jambo la kaka yangu mkubwa. Huyu tunamwita Bwana Kesho, kwa maana tangu azaliwe hajawahi kuwahi mahali popote, hata arusi yake alikuta wageni wameshachoka. Nilimpigia simu: "Kaka, nakuomba. Uwahi. Ukichelewa, kaa nje, usiingie watu wakiwa kwenye maombi. Ule mlango unalia, na mimi nitakufa."

"Dada yangu, hii ni shughuli ya mpwa wangu! Nitafika kabla ya mchungaji."

Jumapili mchungaji alifika, kwaya ikafika, Bwana Kesho hayupo. Nilikaa ukingoni mwa benchi, mkunga kushoto kwangu. Waliobatizwa kwanza walizama na kuibuka kama mchezo.

"Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga," mkunga akaninong'oneza.

"Anayeoga ni mwanangu."

"Wote wawili," akasema.

Kasuku akashuka ngazi za tangi. Vyuma vya pindo vikalishusha gauni, likatulia vizuri, na hilo nililiona kwa jicho la fundi hata katika hofu ile. Mchungaji akamshika. "Kanisa, tufumbe macho tumwombee binti huyu."

Vichwa vikainama. Kasuku hakutazama mlango mdogo, wala mkubwa. Alinitazama mimi. Mchungaji akaweka mkono nyuma ya shingo yake, nikaona mabega yanapanda na mwili unakuwa ubao. Akajaribu tena taratibu. Ubao. Akaniangalia kwa huruma, akaanza kumgeuza kuelekea ngazi.

"Mama hajafumba!" Kasuku akasema, kwa sauti, mbele ya kanisa zima.

Kuna waliocheka. Nikafumba.

Giza. Na palepale harufu ya pazia ikaja, na goti mgongoni, na mdomo umejaa kitambaa. Nikashika benchi kwa mikono miwili. Ndani yangu nikasema, "Bwana, huu mlango umenishinda. Nimechoka. Ushike Wewe. Na ule mdogo pia, mtoto amechoka."

Mlango mkubwa ukalia.

Nywele zilinisimama. Viatu vya mwanamume, vizito, vinakuja katikati ya mabenchi, vinakuja upande wangu. Nikamnong'oneza mkunga, "Ni nani?"

"Sijui. Nimefumba."

"Si huwa unanishikia!"

"Leo sina zamu," akasema. "Wala wewe."

Kwa hiyo hakukuwa na mtu. Kanisa lote lile, hakuna hata mmoja aliyekuwa anautazama mlango, na miguu ile ikaja ikasimama nyuma yangu kabisa. Nilihisi pumzi. Kila mshipa wangu ulisema fumbua. Nami nikasema, kwa hasira sasa, maana mimi nikiogopa sana hukasirika, "Upo au hupo? Kama upo, basi upo!" Nikakaza kope. Benchi la nyuma likaguna, mtu akakaa. Goti halikuja. Nilisubiri, nikasubiri, mgongo wangu uko wazi, na halikuja. Kitu fulani chini ya mbavu, kilichokuwa kimebana tangu siku ile, kikaachia. Nikavuta pumzi ikaingia hadi chini.

Nikasikia maji yanafunga. Kimya. Kisha yanapasuka, mtu anakohoa, na baada ya kikohozi kicheko. Kicheko cha Kasuku kile cha zamani, cha mdomo wazi, ambacho nilikuwa nimeshasahau kwamba kilitoweka. Makofi yakalipuka. Mimi bado nimefumba.

Mkunga akanipiga kiwiko. "Amina imepita zamani. Fumbua, utaota mizizi."

Nikafumbua. Nyuma ya sikio langu sauti ikasema, "Samahani dada, nimechelewa kidogo. Nimekosa kitu?" Alikuwa Bwana Kesho, anahema. Nusura nimzabe kofi, nusura nimkumbatie.

Kasuku alikuwa amesimama majini, anajifuta uso. "Mama! Umeniona?"

"Sikuona!" nikapiga kelele, machozi yananitiririka. "Sikuona kitu chochote, mwanangu!"

Watu wakageuka, wakadhani mama wa watu amechanganyikiwa. Kasuku peke yake ndiye aliyeelewa. Aliweka mikono miwili mdomoni, akalia na kucheka kwa pamoja, kisha akapanda ngazi mbiombio na gauni linamwaga maji, akanijia hivyohivyo, akanilowesha kifua chote. Nilimshika nikahisi moyo wake unavyodunda. Furaha ilinipanda mpaka kooni, ikanikaba, na kwa mara ya kwanza kukabwa hakukuniogopesha.

Mchungaji akasema tufumbe macho kwa baraka ya mwisho.

Nilichungulia mara moja, sitawadanganya. Sikuchungulia mlango, nilimchungulia yeye. Alikuwa ameniegemea, maji yanadondoka nyweleni, macho yake yamefumbwa. Basi na mimi nikafumba yangu. Nani aliingia na nani alitoka hapo katikati, waulizeni wengine.