Klasi Dhahania ya Mkulima

Jumatatu saa mbili asubuhi Nakhungu, mjane kutoka Bokoli, alifika kwenye stoo ya mbolea, Kitale, akiwa na kitambulisho na bila viganja. Mikono yake iliishia kwenye vifundo, laini, bila kidonda.

"Niliamka hivi baada ya kusajiliwa," alimwambia Wangechi, aliyeandika programu ya stoo. "Si mnifungie tu gunia mgongoni, bana. Mvua inakuja."

Wangechi akaingiza nambari ya kitambulisho. Jina likatokea, kisha basi. Mashine haikukubali wala haikukataa. Nakhungu akarudi Bokoli bila gunia.

Wangechi alijua kosa liko wapi. Kwenye programu, Mkulima ilikuwa klasi dhahania, yaani jina na ahadi tu. Iliahidi kupokea mbolea, lakini namna ya kupokea iliandikwa kwenye aina zilizo chini yake: mwenye hati, na anayekodi shamba. Mjane anayelima shamba lenye jina la marehemu hakuwa na aina. Mashine ilikuwa ikikataa katakata kumsajili mkulima asiye na aina, mpaka bosi wa Wangechi, Kagwe, akaamuru kizuizi kitolewe ili idadi ipendeze huko juu. Waliosajiliwa hivyo walibaki na jina, bila cha kupokelea.

Kufikia Alhamisi walikuwa kumi na tisa, wote wajane, viganja hakuna. Askari wa lango aliacha kuwapa kalamu, akawa anawaandikia majina mwenyewe.

Sasa Wangechi hakulala wala hakula. Mamake, Wacuka, alikuwa amemzika mumewe kule Kwanza mwezi wa pili, na hati ya shamba bado ilikuwa na jina la marehemu, Gikonyo. Jina la mama lilikuwa la kusajiliwa usiku huo.

"Bosi, niongeze aina ya mjane. Ni mistari sita tu."

"Kwani sheria ni yako? Watafute hati kwanza."

"Basi mtoe mamangu kwenye orodha."

"Orodha ishaenda, Wangechi. Usinitafutie maneno."

Ijumaa alipiga simu nyumbani mara nane. Iliita tu, haikushikwa.

Saa sita Wacuka akafika dirishani, kitambulisho kikiwa katikati ya meno. Wangechi alikichukua, akakipangusa mate, akaingiza nambari. Jina likatokea, herufi zote sawasawa.

Mama akachungulia kioo cha kompyuta. "Si ndiye mimi huyo?"

"Ndiye wewe, mami."

Wakangoja, na chini ya jina hapakutokea kitu. Nyuma yake foleni ilikuwa imefika lango, na Kagwe alikuwa amesimama mlangoni akitazama saa.

Wangechi akamrudishia mamake kitambulisho mdomoni, polepole, asimuumize.

"Anayefuata," akasema.