Asante ya Kisoga

Ufa ulikuwa mmoja tu, chini ya ubao wa tatu, lakini maji hayakuchoka kuingia. Tangu boti iondoke bandari ya Masese, Nambozo alikuwa ameinama akiyachota kwa kopo la samli na kuyarudisha ziwani, gomesi imelowa hadi mapajani. Hakulalamika. Nauli yake na ya watoto ilikuwa imelipwa na shemeji, na anayelipiwa ndiye hupewa kopo.

"Mulamu, chota!" shemeji huyo, Mugweri, alimtania kutoka mbele, chini ya mwamvuli. "Ukichoka, sisi tunakuwa chakula ya samaki."

Watu wakacheka. Trevor wa miaka tisa na Ketty wa miaka sita walicheka kuliko wote. Hawakuwa wamecheka hivyo tangu mwezi wa pili, ukimwi, silimu kama walivyouita, ulipommaliza baba yao, Erisa, askari wa magereza pale Jinja. Kwa hiyo Nambozo naye akacheka. Mugweri, kaka wa marehemu, mwenye duka la spea za baiskeli Bugembe, ndiye aliyekuja nyumbani kwao Mafubira na shauri: watoto wapelekwe kisiwani, waone walikotoka babu zao, wale samaki, jioni mnarudi. Nambozo hakubeba hata shuka.

Naigaga, mke wa Mugweri, alikaa naye ubao mmoja, kampakata Ketty. Huyu ndiye aliyemwogesha Nambozo siku ya mazishi, akalala naye chini wiki nzima. Nambozo alikuwa Mgisu wa Nabuyonga, kule Mbale; Kisoga, lugha ya akina Erisa, hakukijua. Yeye na Erisa waliishi kwa Kiswahili cha kambini tangu siku ya kwanza, majirani wakisema hao hata kitandani wanapeana amri. Mambo ya ukoo yalipokuja, Naigaga ndiye aliyekuwa sikio lake.

Kisiwani waliwakuta watu kama arobaini wamekaa kwenye banda la nyavu, wanaume kwenye mabenchi, wanawake kwenye mikeka. Watoto wakachukuliwa na wenzao kwenda kuona mitego. Mzee Benedicto, mkubwa wa ukoo, akasimama na kusema muda mrefu. Alitaja Erisa. Alitaja Mafubira. Pembeni mwenyekiti wa LC, serikali ya kijiji, aliandika kwenye daftari.

"Anasema nini?" Nambozo alinong'ona.

"Anakusifu. Ulimuuguza mtoto wao, hukumkimbia."

Macho yakamjaa machozi. Miezi ile yote ya kufua mashuka hakuna mtu aliyewahi kumwambia hivyo.

Mzee akamgeukia, akauliza kitu, akangoja.

"Sasa?"

"Sasa wanataka ushukuru." Naigaga alikuwa anatazama mkeka. "Piga magoti. Sema *mwebale inho*."

Neno hilo alilijua. Alipiga magoti yote mawili na kulisema kwa sauti, ili watu wa Erisa wajue mtoto wao hakuoa mwanamke asiye na adabu. Vigelegele vikapigwa. Mwenyekiti akaandika.

Wakala samaki aina ya ngege kwa muhogo. Alasiri upepo ukaanza kugeuka, mwenye boti akapiga mluzi, abiria wakapanda. Trevor na Ketty hawakuonekana.

"Watoto yangu iko wapi?" alimuuliza Mugweri.

"Wako kwao."

"Kwao wapi? Boti inaenda!"

"Mulamu, usianze fujo. Ulisema mwenyewe." Akamwita mwenyekiti.

Mwenyekiti alikuja na daftari kwapani. "Mama, mimi ni askari ya zamani. Nitakusomea kwa Kiswahili, usiseme umeonewa." Akasoma taratibu. Mjane amekataa kurithiwa na Mugweri, kwa kinywa cha Naigaga aliyetumwa na mjane mwenyewe. Ameulizwa mbele ya ukoo kama anawaacha watoto na nyumba ya Mafubira kwa wenyewe, arudi kwao Mbale kwa amani. Amepiga magoti, ameshukuru.

"Mimi hapana tuma mtu! Huyu aliniambia wananisifu!"

Mwenyekiti akamtazama Naigaga. "Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia kama mzee alivyosema."

"Basi."

Nambozo akamshika Naigaga mkono. "Dada. Nimekukosea nini?"

Naigaga hakuutoa mkono. Alisema chini chini, haraka, kama mtu aliyekuwa amelikariri jambo. "Wangekupa mume wangu. Ungelala wapi, Mama Ketty? Kitanda yangu ni moja. Na ugonjwa iliyokula Erisa, ungemletea nani?"

"Ungeniambia. Ningekataa mwenyewe."

"Anayekataa kurithiwa anaacha watoto. Ungekataa watoto yako? Wewe?"

Mugweri alikuwa ameshakaa mbele ya boti. "Nguo zako utazikuta kwa gunia, barazani," alisema. "Saa hii fundi amemaliza kubadilisha kufuli."

"Haki yako unayo, mama," mwenyekiti alisema, na alionekana anamaanisha. "Rufaa inasikilizwa hapahapa, Jumanne ya kwanza ya kila mwezi. Mzee Benedicto na mimi."

"Kwa lugha gani?"

"Kisoga. Utakuja na mkalimani wako."

Nambozo aliingia majini hadi magotini, akaikamata kamba iliyofunga boti kwenye kisiki. Akaizungusha mkononi mara mbili.

"Mama, upepo!" abiria walimpigia kelele.

"Huyu wa Mbale anataka tulale na mamba?"

"Mwenyekiti, ongea na mtu yako!"

Nyuma ya mabanda sauti ya Trevor ilikuwa inahesabu kwa Kiswahili, moja, mbili, tatu, kwa nguvu, ili waliojificha wasikie. Walikuwa wanacheza. Nambozo aliita jina lake. Mtoto alikuwa amefika kumi na nne, akaendelea kuhesabu.

Mwenyekiti alivua viatu akaviweka juu ya jiwe, akaweka daftari juu ya viatu. Akaingia majini. "Pole, mama," alisema. "Pole sana." Akaanza kumfungua vidole kwenye kamba, kimoja baada ya kingine, bila kumuumiza.