Kidole cha Marehemu Kalista

Jumatano saa nane mchana, Tuntufye aliitoa simu ya marehemu Kalista kwenye bahasha ya vielelezo, akajaribu kuifungua, ikagoma, akaandika kwenye fomu "haijafunguka", akairudisha. Ilikuwa mara ya ishirini na mbili. Kesi hutajwa kila baada ya siku kumi na nne, na mahakama hupenda kuambiwa kitu.

Ofisi yao mjini Sumbawanga huwasaidia polisi kuchunguza simu na kompyuta. Ina kila kitu isipokuwa leseni ya programu ya kufungulia simu, ambayo iliisha muda wake Machi ya mwaka jana. Tuntufye aliandika barua makao makuu kuomba leseni mpya, nao wakamjibu kwa kumwalika kwenye warsha ya usalama wa mtandao. Alirudi na fulana mbili na begi.

Wakati huo Valerian, mtoto pekee wa Kalista, alikuwa na mwezi wa kumi mahabusu akituhumiwa kumuua mama yake jikoni kwao Pito. Siku ya kifo alikuwa mbali, mji wa Laela, akipakia mahindi, na wapakiaji wenzake wanne walisema hivyo. Waliambiwa wasubiri simu ifunguke.

Tuntufye alikuwa bado anaifunga bahasha Kalista mwenyewe alipoingia. Getini mlinzi alikuwa ameshamwandikisha kwenye daftari la wageni: anakotoka, makaburi ya Pito, sababu ya kuja, kufungua simu. Kanga yake ilikuwa na udongo, na mkononi alishika sweta la mwanawe. Alichuchumaa akapiga makofi ya salamu, kama Wafipa wanavyomsalimu mtu wa heshima. Tuntufye, aliyelelewa Tukuyu na kufundishwa kuwa mkubwa ndiye anayesalimiwa, aliona haya, akasimama upesi.

"Shikamoo, mama. Mbona umechelewa hivyo?"

"Marahaba, mwanangu. Nilingoja arobaini ipite, halafu mvua zikaanza. Njia ya Pito unaijua mwenyewe."

Aliweka kidole gumba kwenye simu. Ikakikataa, kwa kuwa kilikuwa cha baridi mno. Tuntufye akampa kikombe cha chai akishike kwa mikono miwili, na chai ilipoanza kupoa wakajaribu tena. Ikafunguka.

Ndani kulikuwa na sauti ya dakika nne aliyoirekodi siku ile ile. Loth, mnunuzi mkubwa wa nafaka, alikuwa anamtaka atie sahihi karatasi za kumwachia shamba lake. Kalista alikataa, akakataa tena. Kigoda kilianguka, likafuata pigo la mchi, kisha wakasikika kuku tu.

"Hapo ndipo nilipokufa," alisema Kalista. "Sasa Valerian anatoka lini?"

"Kesho, mama," alisema Tuntufye. Masikini, alikuwa na miaka miwili tu kazini.

Aliandika ripoti, akampelekea mkuu wake, Jafeti. Jafeti aliisoma chini ya taa iliyowashwa na jenereta la ofisi, lile lenye kibao cha shaba: Msaada wa Loth, Mdau wa Maendeleo. Habari ya maiti kuja ofisini haikumsumbua. Kilichomsumbua ni utaratibu.

"Fomu inataka mmiliki wa simu aridhie," alisema. "Marehemu haridhii. Na kama yu hai, basi hakuna aliyeuawa."

"Kama hakuna aliyeuawa, mkuu, si kijana atoke?"

"Hapana. Yule tayari yumo kwenye jalada."

Ripoti iliwekwa kabatini. Lakini Jafeti hakuwa mtu wa kuacha kipaji kipotee. Kulikuwa na simu thelathini na moja zilizofungwa, nyingi za watu waliokufa maji ziwani Kipili, na kwa hizo, ambazo hazikumtaja mdau yeyote, utaratibu haukuwa na neno. Kalista alipewa kiti, akaombwa awaite wenye simu. Walikuja kwa foleni, nguo zikichuruzika, kila mmoja akashikishwa kikombe cha chai. Makao makuu walituma cheti cha utendaji bora na wageni wa kujifunza, wakapiga picha na birika.

Kalista hakulipwa, kwa kuwa marehemu hana namba ya utumishi. Yeye alichouliza kila siku ni kimoja tu, Valerian anatoka lini, na kila siku Tuntufye aliinamia meza yake. Inaudhi, lakini hakuna aliyeudhika ila wao wawili.

Siku ya kesi Kalista aliomba ruhusa, akaenda mahakamani, akakaa benchi la pili. Valerian aliletwa, amekonda, anatetemeka kwa baridi ya Juni.

"Shikamoo, mama," alisema kutoka kizimbani.

"Marahaba, baba. Sweta lako hili hapa."

Askari alilikataa. Vitu vya mahabusu hupokelewa kwa ndugu mwenye kitambulisho, na cha Kalista kilikuwa bahashani pamoja na vielelezo.

Mwendesha mashtaka alisimama. "Mheshimiwa, upelelezi bado haujakamilika. Simu ya marehemu haijafunguka."

Marehemu akanyoosha mkono. Hakimu alipitisha kidole kwenye orodha ya mashahidi, hakuliona jina lake, akamwomba aushushe. Kesi ikaahirishwa kwa siku kumi na nne, Valerian akarudishwa rumande, na mama yake akalikunja sweta, akarudi ofisini haraka. Kulikuwa na watu wawili wa Kipili wanamngoja, na chai ilikuwa haijabandikwa.